Anayebanwa Kifua Hajifanyi

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi, na wengi wetu huiandika kwenye insha ili tupate alama, kisha tukitoka darasani tunaisahau. Mimi leo naitumia kwa jambo lenyewe. Wako wanafunzi katika shule zetu ambao hubanwa na kifua, pumzi ikawakatika, moyo ukawaenda mbio ilhali wameketi tu kwenye dawati. Wakipelekwa hospitali hawapatikani na ugonjwa wowote. Daktari husema, "Huu ni wasiwasi." Basi kuanzia siku hiyo mgonjwa huyo huwa amenyang'anywa hata ruhusa ya kuumwa. Darasani anaitwa mwigizaji. Nyumbani anaambiwa aache utoto. Mwishowe hata yeye mwenyewe anaanza kujiuliza kama akili zake ziko sawa.

Maoni yangu, mpenzi msomaji, ni haya: anayebanwa kifua kwa sababu ya wasiwasi hajifanyi. Anaumwa kweli, na kuumwa kwake kunatibika. Lakini hatapona akichekwa, na vile vile hatapona akitupiwa neno "wasiwasi" kabla ya kupimwa. Haya siyasemi kwa kusikia. Mimi ni mmoja wao.

Yangu yalianza muhula wa pili wa kidato cha pili. Wiki chache kabla ya hapo nyanya yangu, ambaye tulikuwa tukilala chumba kimoja, aliaga dunia usiku. Alikuwa na ugonjwa wa moyo kwa muda mrefu, na nilizoea kumsikia gizani akitafuta pumzi. Baada ya mazishi kila mtu alirudi kwenye shughuli zake. Mama kwenye kibanda chake cha mboga, mimi shuleni. Sikulia sana. Watu walinisifu eti nimekuwa jasiri.

Kisha asubuhi moja, katikati ya kipindi cha hisabati, nilivuta hewa ikafika nusu ya njia, ikakataa kuendelea. Nikavuta tena. Vidole vikaanza kufa ganzi, midomo nayo ikawashawasha kama iliyopitiwa na siafu. Moyo ulipiga hadi nikausikia masikioni. Wazo lililonijia lilikuwa moja tu: nami naenda njia ya nyanya. Mwalimu aliniruhusu nitoke nje, na baada ya muda hali ikatulia. Nilipoingia, mmoja wetu akasema kwa sauti, "Ni hesabu zinamfukuza." Darasa zima likacheka.

Kutoka hapo hali ikawa inanijia hata mara tatu kwa wiki. Sisi wa shule ya kutwa mnatujua. Mimi huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kutembea karibu saa nzima. Kwenye mlima ulio karibu na shule nikawa nasimama mara nne, mara tano, nimeshika kifua. Wenzangu walinipita wakisema, "Twende bwana, unachelewesha watu." Zahanati nilipewa dawa ya kikohozi, na sikuwa na kikohozi. Nikapewa dawa za malaria, na sikuwa na homa. Jirani mmoja akasema ni mkono wa mtu. Mwingine akamwambia mama kwamba ni marehemu ananiita. Maneno hayo nayo, ukiyafikiria, ni dawa gani kwa mtoto ambaye tayari anaogopa kulala?

Mwishowe mama alichukua pesa za kuongezea bidhaa kibandani, akanipeleka hospitali kubwa. Tabibu niliyempata, mama wa makamo, alinisikiliza kifua mbele na nyuma bila haraka. Akanitoa damu, nikapigwa picha ya kifua, nikafungwa nyaya za kupima moyo. Akanibana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, kikaandika 98 kwa 100. Kisha akasema, "Moyo ni mzima, mapafu ni mazima, damu iko sawa. Huu ni wasiwasi." Mama alishusha pumzi. Mimi sikuweza. Nilihisi kana kwamba nimeambiwa kwa lugha ya heshima kuwa mimi ni mwongo, tena mwongo aliyemaliza pesa za mboga.

Ingekuwa amekomea hapo, pengine leo nisingekuwa shuleni. Lakini aliniketisha, akanishika mkono, akaniambia nipumue haraka haraka kwa kinywa yeye akitazama saa yake. Hata dakika haikuisha, vidole vikaanza kufa ganzi ile ile, kichwa kikazunguka vile vile, kifua nacho kikabana. Akanituliza, kisha akaniuliza, "Sasa niambie, umejifanya?" Nikamwambia la. Akasema, "Basi hata ile ya darasani hujifanyi. Ni mwili." (Msijaribu jambo hili peke yenu, tafadhali. Yeye alikuwa tabibu, na alikuwa amekwisha kunipima.)

Hebu niwaeleze vile alivyonieleza, kwa sababu ndipo shina la maoni yangu lilipo. Katika Bayolojia tulifunzwa kwamba tunavuta oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, na wengi wetu tukaichukua kaboni dioksidi kama takataka tu. Kumbe damu inahitaji kiasi chake maalum ili isipoteze asidi yake. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishtuka, mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo ukaenda mbio na pumzi zikaongezeka ili aweze kukimbia au kupigana. Akikimbia kweli, misuli yake hutengeneza kaboni dioksidi nyingi na mambo hulingana. Lakini aliyeketi kwenye dawati hakimbii popote. Anaitoa kaboni dioksidi kuliko anavyoitengeneza. Damu hupoteza asidi, mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo husinyaa, kichwa kikawa chepesi, vidole na midomo vikafa ganzi. Misuli ya kifua iliyofanya kazi kupita kiasi huanza kuuma. Na ajabu ni hii: mtu huyo anahisi amekosa hewa, ilhali amevuta hewa kupita kiasi. Kwa hivyo huzidi kuvuta, na kadiri anavyovuta ndivyo anavyozidiwa.

Sasa niulize: katika maelezo hayo yote, kujifanya kuko wapi? Asidi ya damu haiigizi. Mishipa haisomi ratiba ikajua kuwa leo ni hisabati.

Tena jambo hili si geni, wala si la wasichana wa siku hizi peke yao kama wengine wanavyodai. Mwaka wa 1871 daktari Mmarekani aitwaye Jacob Mendes Da Costa aliandika habari za wanajeshi aliowatibu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, vya 1861 hadi 1865. Walikuwa wanaume waliobeba bunduki, lakini mioyo yao ilienda mbio, vifua viliwauma na pumzi ziliwakatika kwa kazi ndogo tu, na wengi wao hawakuonekana na kasoro yoyote ya moyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, maelfu ya askari wa Uingereza walipatwa na hali kama hiyo, iliyojulikana kwa jina la moyo wa askari. Ikiwa askari anaweza kubanwa kifua na hofu, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefiwa ni nani?

Na karibu na kwetu kuna kisa cha Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu katika shule moja ya bweni walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari walitafuta sumu kwenye chakula, wakatafuta viini vya ugonjwa, wasipate kitu. Dalili zao si kama zangu, lakini funzo ni lile lile. Sidhani kuna mtu anayeweza kuamini kwamba wasichana 95 walikaa kikao wakakubaliana kujifanya kwa wiki nyingi. Hofu na mzigo wa moyo vikikosa mdomo wa kusema, mwili husema.

Sisi wanachama wa Kiswahili tulipaswa kulijua hili kuliko wengine wote. Lugha yetu husema moyo umevunjika, roho i juu juu, ametiwa moyo, ameshusha pumzi. Neno "pumzika" limejengwa juu ya "pumzi". Neno "wasiwasi" nalo tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, yaani sauti ndogo inayokurudia rudia. Hivyo ndivyo ilivyo hasa. Usiku nasikia mnong'ono: moyo umeruka pigo moja, si umeruka? Sikiliza tena. Mwenye kunong'onezwa hivyo hawezi kupumzika, na asiyepumzika pumzi zake haziwezi kukaa sawa.

Hata hivyo, kila shilingi ina pande mbili. Nikisema wasiwasi ni ugonjwa wa kweli, sisemi kwamba kila kifua kinachobana ni wasiwasi. Hapo ndipo kosa la pili lilipo, na kosa hili linaweza kuua. Mtaani kwetu kuna kijana mmoja wa shule nyingine ambaye kwa muda mrefu aliitwa mvivu wa michezo, eti anaogopa kukimbia. Alipopimwa ilionekana kwamba vali za moyo wake zimeharibika. Maradhi hayo huweza kuanza kwa maumivu ya koo ya kawaida yanayoletwa na bakteria, yasipotibiwa yakaleta homa ya baridi yabisi, nayo ikala vali za moyo polepole. Huwapata sana watoto na vijana wa umri wetu. Pumu nayo hubana kifua. Upungufu wa damu humfanya mtu ahemee kwenye mlima. Kifua kikuu kipo. Kwa hivyo neno "wasiwasi" linapaswa kuwa la mwisho baada ya vipimo, lisiwe la kwanza kabla ya kumwangalia mtu.

Ndiyo maana naomba kila mmoja wetu azishike dalili hizi ambazo si za kungojea: kuzimia wakati wa kukimbia au kupanda mlima; midomo kugeuka rangi ikawa ya bluu au kijivu; kifua kupiga mluzi; kukohoa damu; kikohozi kilichopita wiki mbili, hasa kikiwa na jasho la usiku na kukonda; miguu kuvimba; na kushindwa kupumua ukilala chali. Ukiona moja ya hizi, kwako au kwa mwenzako, usiseme ni hofu. Mwambie mwalimu, mwambie mzazi, mwende hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na aliyekwisha kupimwa akaambiwa ni wasiwasi, afanye nini? Nitasema yale yaliyonifaa mimi na ambayo tabibu aliyathibitisha. La kwanza ni kupumua polepole kwa pua: vuta ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita, tumbo ndilo lipande na kushuka badala ya mabega. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ni vizuri kujizoeza wakati uko mzima, kwa sababu hali ikishafika hutakumbuka kitu ambacho hujakizoea. Mimi hufanya nikiwa njiani asubuhi, nahesabu kwa hatua. La pili ni kujua kwamba hali hiyo kwa kawaida hufika kileleni katika dakika chache, hata ikikawia ni kama 10 hivi, kisha hushuka yenyewe. Kuambiwa "utakufa" na kuambiwa "ngoja dakika kumi" ni mambo mawili tofauti kabisa. La tatu ni kula chochote kabla ya kutoka nyumbani na kupunguza kahawa na majani mengi ya chai, kwa maana hayo huuamsha moyo ambao tayari umeamka.

Wengine hushauri mtu apumulie ndani ya mfuko wa karatasi. Achaneni na jambo hilo. Lilikuwa likifundishwa zamani, lakini siku hizi madaktari hawalipendekezi, kwani kama aliyebanwa ana pumu au ugonjwa wa moyo mnaweza kumwangamiza.

La nne, na ndilo kubwa, ni kusema. Tabibu aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Kuna mtu umempoteza?" Nililia pale pale, kilio ambacho sikulia matangani. Baadaye mwalimu wetu wa ushauri nasaha alinisikiliza mara kadhaa, akaniambia nizungumze na mama pia. Kumbe mama naye alikuwa akiamka usiku kuja mlangoni kusikiliza kama napumua. Tulikuwa tunaogopa sote wawili, kila mmoja upande wake wa pazia. Siwadanganyi kwamba nimepona kabisa. Hali bado hunijia, mara moja kwa mwezi au zaidi wakati wa mitihani. Lakini mlima wa shule sasa naupanda nikisimama mara moja tu, na kuna siku sisimami.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, "Tukiwaamini wote, kila mtihani utakuwa na wagonjwa ishirini." Hoja hii si ya kupuuza. Wapo wanaojifanya, na sote tunawajua. Lakini tufikirie. Mwanafunzi akidanganya akaketishwa kwenye benchi dakika 10, shule imepoteza dakika 10, na mtihani wake yuaweza kurudi akaumaliza. Mgonjwa wa kweli akilazimishwa kukimbia, shule inaweza kupoteza mwanafunzi. Kati ya hasara hizi mbili, ipi inalipika? Tena aliyezoea kujifanya hapendi kupelekwa hospitali wala kuitiwa mzazi. Vipimo vyenyewe vitamfichua.

Kwa hivyo nina maombi matatu kwa wakubwa wa shule za kutwa, ikiwemo yetu. Kwanza, wenzetu wa bweni wana matroni na chumba cha wagonjwa. Sisi hatuna hata benchi. Mwanafunzi akizidiwa hutolewa nje na kuzungukwa na watu arobaini wanaompepea kwa madaftari na kumnyima utulivu. Tupatiwe mahali pamoja patulivu pa kuketi, na walimu wa zamu na viranja wafunzwe kuketi na mgonjwa na kuhesabu naye pumzi. Hilo halihitaji pesa. Pili, mtu akibanwa kifua kwa mara ya kwanza, mzazi aitwe na mtoto akapimwe kabla ya mtu yeyote kumpa jina la mwigizaji au la mvivu. Tatu, saa ya ushauri nasaha isiwekwe jioni baada ya masomo. Jioni sisi wa kutwa tunakimbizana na giza na nauli, na mwenye shida ndiye wa kwanza kuondoka kwa kuwa kwao ni mbali zaidi. Iwekwe wakati wa chakula cha mchana, angalau mara mbili kwa wiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi wanafunzi wenzangu, nawaomba jambo dogo. Mwenzenu akishika kifua, msimwambie "acha drama", wala msimkumbushe mtihani. Mwambieni, "Niko hapa, tupumue polepole." Kisha hesabuni naye. Ni maneno machache, na niliyasubiri karibu mwaka mzima kabla ya mtu wa rika langu kuniambia.

Nawe unayesoma ukurasa huu ilhali unajijua, usiku unasikiliza moyo wako na asubuhi unasingizia kwamba ulichelewa kuamka: nenda ukapimwe, kisha useme. Huna wazimu, na wewe si mwongo. Mwili wako unaogopa jambo ambalo bado haujapata mtu wa kulieleza. Mtafute mtu huyo, awe mama, mwalimu, shangazi au rafiki. Mimi pia nipo, kidato cha tatu, dawati la karibu na mlango.

Kalamu naitua hapa.